Kumuenzi ndugu aliyefia vitani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa familia za Tanzania na Kenya zenye babu, baba, mjomba au kijana aliyekwenda vitani asirudi: vita vya Mjerumani na Mwingereza vya 1914 hadi 1918, vita vya Hitla, vita vya Kagera, na misheni za kulinda amani za miaka yetu. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Tunachojua ni kwamba babu alikwenda vitani na hakurudi. Tuanzie wapi?

Anzeni na jina, na mliandike leo kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Andikeni la kuzaliwa, la utani, la ubatizo au la kusilimu, la baba yake, la ukoo, la kijiji, na la chifu au jumbe aliyekuwa akitawala wakati ule. Karani wa jeshi aliandika alichosikia, tena kwa sikio la mgeni. Mwakyoma anaweza kuwa Makoma kwenye daftari, Ng'wigulu akawa Mgulu, na mwingine akaandikwa kwa jina la baba yake kana kwamba ndilo lake. Wapo pia waliojiandikisha kwa jina la bandia ili wazazi wasiwafuate kambini. Anayetafuta jina moja tu, vile linavyotamkwa nyumbani, mara nyingi hutoka mikono mitupu na kuamua kwamba babu hakuwahi kuwa askari.

Kisha waulizeni wazee alikwenda wapi, na mwandike maneno yao yalivyo, msiyasahihishe. Mzee akisema fulani alikuwa Keya, anasema alikuwa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Akisema alikwenda Bama, hiyo ni Burma ya 1944 na 1945. Bukini ni Madagaska, 1942. Uhabeshi ni vita dhidi ya Waitaliano vya 1940 na 1941. Na Kariakoo kwenye masimulizi ya Vita vya Kwanza huenda si soko hata kidogo: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ambacho kambi zake ndizo zilizoacha jina Dar es Salaam na kule Kariokor, Nairobi. Neno moja kama hilo linaweza kuwaambia ni vita gani, nchi gani na mwaka gani.

Namba ya batalioni ikitajwa, ishikeni. Kwenye Keya, batalioni ya 3 na ya 5 zilikuwa za Kenya, ya 4 ya Uganda, ya 6 ya Tanganyika, ya 1 na ya 2 za Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Vita vya Hitla viliongeza nyingine nyingi: batalioni ya 26 na ya 36 zilizokwenda Burma zilikuwa za vijana wa Tanganyika.

Ndani ya sanduku la bibi mna medali na karatasi chakavu. Zina maana yoyote?

Zina maana kubwa. Ikiwa medali ni ya duara na ni ya Vita vya Kwanza, igeuzeni mtazame ubavuni, pale kwenye unene wake. Waingereza walikuwa wakichonga hapo namba ya askari, cheo, jina na kikosi, kwa herufi ndogo sana. Chukueni tochi, ilazeni medali kwa upande, msome herufi moja baada ya nyingine. Msiisugue kwa majivu wala mchanga ili ing'ae, maana hizo herufi ndizo za kwanza kufutika.

Nyota za Vita vya Pili, kama ile ya Burma au ile ya Afrika, Uingereza ilizitoa bila jina. Nyota peke yake itawaambia alipigana upande gani wa dunia, basi. Hapo ndipo karatasi inapookoa: barua, bahasha yenye muhuri wa posta ya jeshi, cheti cha utumishi. Namba ya jeshi ina thamani kuliko jina, kwa sababu akina Juma bin Ali walikuwa wengi ila namba ni ya mtu mmoja. Pigeni picha kila karatasi pande zote mbili, kisha muihifadhi mahali pakavu. Kuibana ndani ya plastiki kwa joto ni kuiharibu.

Jina lake litakuwa limeandikwa wapi?

Kwa waliokufa wakitumikia Uingereza katika vita vile viwili, pa kwanza ni kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917. Orodha yake iko kwenye intaneti na kuitafuta ni bure. Tafuteni kwa jina la ukoo, kisha kwa jina la baba, kisha kwa namba, kisha kwa jina la kikosi na mwaka.

Tume inamhesabu kuwa mhanga wa vita kila askari aliyefariki akiwa kazini kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, bila kujali kilichomuua. Tunalisisitiza hili kwa sababu familia nyingi huona haya kusema babu alikufa kwa kuhara au homa ya mapafu, kana kwamba kifo cha risasi tu ndicho cha heshima. Katika vita vya 1914 hadi 1918 huku kwetu magonjwa yaliua wapagazi wengi kuliko bunduki zilivyoua. Walilishwa unga wa mahindi usioiva, ambao wengi hawakuuzoea, wakalala kwenye mvua, wakabeba mizigo hadi wakaanguka njiani.

Wale wa Vita vya Pili wasio na kaburi linalojulikana wametajwa kwenye kuta za kumbukumbu. Ukuta wa Afrika Mashariki uko ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Humo mna waliofia njia ya kwenda Uhabeshi kusini, waliofia Bukini, na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944. Meli hiyo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache, na karibu watu 1,300 wakafa. Wapo wazee Kenya na Tanganyika waliongoja miaka mingi barua ya kijana ambaye hakuwahi hata kufika vitani. Waliopotea Burma wako kwenye Ukumbusho wa Rangoon, makaburini Taukkyan nchini Myanmar, wenye majina karibu 27,000. Majina ya Kiafrika yako pale, yamechongwa kwenye nguzo zilezile na ya Waingereza na ya Wahindi.

Tumetafuta kila namna, hayumo. Ina maana hakutambuliwa?

Huenda ni hivyo hasa, na kosa si lenu wala lake.

Pale katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe, pana Sanamu ya Askari. Iliwekwa 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann. Ni ya shaba: askari ameinama kidogo, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini. Chini yake kuna maneno ya Kiingereza na ya Kiswahili, ya herufi za Kiarabu na za Kirumi, yanayowakumbuka askari Waafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanamalizia kwa kumwambia askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zungukeni sanamu hiyo pande zote nne. Hakuna jina hata moja. Sanamu zilizowekwa Mombasa na Nairobi miaka ileile zina ahadi hiyohiyo na upungufu huohuo.

Haikutokea kwa bahati mbaya. Tume ile ilianzishwa kwa sharti kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Ulaya ilitimiza. Afrika Mashariki, miaka ya 1920, maofisa wa Tume na wa serikali za kikoloni waliafikiana kwamba Waafrika wengi hawahitaji kaburi la mtu mmoja mmoja wala jina ukutani, kwamba mnara wa jumla utawatosha, na makaburi yao yakaachwa yarudi porini. Orodha za wapagazi nyingine hazikutunzwa, nyingine zilipotea. Hayo si maneno ya vijiweni. Tume yenyewe iliyakiri katika ripoti ya Aprili 2021. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Kwa hiyo kutokuwemo kwenye orodha si ushahidi kwamba hakwenda. Kama mna karatasi, medali yenye jina, au hata masimulizi ya wazee zaidi ya mmoja yanayokubaliana, iandikieni Tume. Mkiwa Kenya, Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi. Tanzania, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, Dar es Salaam. Majalada ya wilaya ya miaka ile yanaweza kuonyesha ni vijiji gani vilitakiwa kutoa wapagazi, hasa 1917 walipokamatwa kwa maelfu. Mkutubi mwenye subira ana faida kuliko kompyuta kumi, basi nendeni na subira yenu pia.

Babu yetu alikuwa askari wa Mjerumani. Anahesabiwa?

Kwetu anahesabiwa. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, lilikuwa na askari Waafrika zaidi ya 10,000 kwa wakati mmoja, na nyuma yao wapagazi wengi zaidi, pamoja na wake na watoto waliofuatana nao hadi Msumbiji na kurudi. Orodha ya Madola haiwahusu. Makaburi ya Wajerumani walioko nje ya nchi yao huangaliwa na shirika linaloitwa Volksbund, lakini kupata jina la askari Mwafrika huko ni kazi ngumu zaidi. Hapa masimulizi ya ukoo ndiyo jalada kuu. Mahiwa na Nyangao, kusini kule Lindi, Oktoba 1917, ndugu wa nchi moja walilengana bunduki siku nne mfululizo. Kuna koo zenye babu pande zote mbili za vita hivyo, na hatuoni sababu ya mmoja kusomewa dua na mwingine kunyamaziwa.

Kwa nini tumuenzi mtu aliyepigania mkoloni? Si ni kumtukuza mkoloni?

Swali hili huulizwa zaidi na vijana, nao wana haki. Jibu letu ni kwamba mtu si bendera aliyowekwa chini yake. Mpagazi wa 1917 hakupigania mfalme yeyote: jumbe alipewa idadi ya vichwa, akatoa majina, na aliyetajwa akaenda akiwa amefungwa kamba. Askari wa Keya wa 1942 huenda alijiandikisha mwenyewe, kwa ajili ya mshahara, kodi ya kichwa, mahari, au kwa sababu rafiki yake alikwenda. Wachache waliamini walichoambiwa kuhusu Hitla, na kwa hilo hawakukosea.

Ukimuenzi, sema ukweli huo wote. Si lazima useme alikufa akilinda taifa ambalo halikuwa limezaliwa. Sema alichukuliwa, au alijiandikisha kutafuta mahari, akafia mbali, hakulipwa alichoahidiwa. Mtu anayesimuliwa hivyo anabaki mtu. Tunaona ubaya zaidi kwenye hotuba zinazomfanya kila marehemu kuwa simba wa vita, mpaka wajukuu hawajui tena kwamba aliogopa.

Na ikumbukwe kwamba waliopigana na mkoloni nao wana siku yao na mahali pao. Songea, mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 hukumbukwa kila mwaka kwenye makumbusho yaliyojengwa walipozikwa. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani 1954, likawekwa Kalenga. Familia moja inaweza kuwa na jamaa wa aina zote mbili, na ukimtaja huyu humtukani yule.

Hatuna mwili. Tunaweza kufanya mazishi au arobaini?

Mnaweza kuomboleza, na muulizeni kiongozi wenu wa dini namna. Kwa Waislamu, kuna swala ya maiti asiyekuwepo. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani wanaifuata, inairuhusu, wengine hawaikubali, kwa hiyo shauri ni la sheikh wenu. Hitma, dua na sadaka havihitaji mwili. Kwa Wakristo, misa au ibada ya marehemu hufanyika hata baada ya miaka 80. Tena kuna mila: Waluo huzika tunda la mwegea badala ya mtu aliyepotea, na jamii nyingine huzika shina la mgomba. Vijana wanaocheka jambo hili wamwangalie kwanza mjane aliyengoja. Hiyo ndiyo siku anayoruhusiwa kukaa matanga.

Ugumu hutokea ndugu mmoja anapokataa kabisa kwamba marehemu amekufa, akisema alioa huko Bama akabaki. Msilazimishe. Wekeni kumbukumbu bila kuiita mazishi.

Tunataka kuweka jiwe nyumbani. Tuandike nini?

Liwekeni kwenye makaburi ya ukoo, na liseme wazi kwamba ni ukumbusho, ili kizazi kijacho kisije kuchimba kikitafuta mifupa. Mawe ya Tume yana mpangilio mzuri wa kuiga: nembo ya kikosi juu, kisha namba, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufa, umri, alama ya dini kama familia inataka, na chini kabisa maneno ya familia. Baada ya Vita vya Kwanza familia za Uingereza ziliruhusiwa herufi 66 tu kwa maneno hayo, kuhesabu na nafasi. Mawe ya Waafrika wengi yako tupu sehemu hiyo, kwa sababu hakuna aliyekwenda kijijini kuuliza.

Basi ninyi ndio mnaoulizwa sasa. Andikeni jina lake kamili la nyumbani kwanza, hata kama jeshi liliandika jingine, na la jeshini chini yake. Wekeni jina la mama yake. Jeshi halikuliandika popote. Kama tarehe haijulikani, andikeni mwaka, au "alifia Burma", bila kubuni. Maneno ya familia yawe mafupi na ya kwenu: "Mwanangu, tulikungoja" yanatosha kuliko beti tatu za mashujaa. Fundi alipwe baada ya kuwasomea herufi zote kwa sauti kabla hajachonga. Jina likikosewa kwenye saruji linabaki limekosewa.

Tumkumbuke siku gani?

Tanzania ina Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Kenya ina Siku ya Mashujaa 20 Oktoba, na siku ya jeshi lake 14 Oktoba, tarehe ambayo vikosi viliingia Somalia 2011. Makaburini Nairobi kuna ibada ya Novemba kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe 11. Mnaweza pia kuchukua 25 Novemba. Vita vya Kwanza vilisimama Ulaya 11 Novemba 1918, lakini habari zilichelewa huku, na Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25. Wiki mbili nzima kengele zikilia London, wapagazi wetu walikuwa bado wana mizigo kichwani.

Aliyewahi kuona gwaride la 25 Julai anajua linavyokwenda. Tarumbeta inapigwa, watu wanasimama kimya, kisha viongozi wanakwenda mmoja mmoja kwenye mnara. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, meya upinde na mshale, mabalozi shada la maua, na kwa niaba ya wapiganaji wa zamani mzee anaweka shoka. Sheikh anaomba, padri na mchungaji wanaomba. Ni ibada nzuri, na wenye hekima walioitunga waliona maua peke yake hayatoshi kumsindikiza askari wa Kiafrika. Nyumbani mnaweza kuiga: kitu chake kimoja, dua moja, na jina lake litajwe kwa sauti na mdogo kuliko wote aliyepo.

Baba alifia vita vya Kagera. Tumuulize nani, na kaburi liko wapi?

Wengi wa waliofia vita hivyo, vilivyoanza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera na kuendelea hata baada ya Kampala kutekwa 11 Aprili 1979, wamelazwa Kaboya, wilaya ya Muleba. Ni makaburi yaliyo chini ya jeshi, kwa hiyo msiende tu: ombeni ruhusa kwanza, mkiwa na jina kamili, namba ya jeshi na kikosi. Namba za askari wa JWTZ, yaani jeshi la Tanzania, huanza na herufi MT. Kama hamna namba, barua kutoka serikali ya kijiji au mtaa, pamoja na cheti au picha, ndiyo mwanzo. Pelekeni kambi ya jeshi iliyo karibu, wawaelekeze.

Jeshi lilikua upesi sana miezi ile kwa kuongezwa mgambo, JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), polisi na magereza, na ndiyo maana kumbukumbu za wengine hazijanyooka. Mwanamgambo aliyekwenda na viatu vya raba alikwenda vitani sawasawa na ofisa. Msikubali mtu awaambie baba yenu "hakuwa mwanajeshi kamili".

Waliofia Msumbiji wana makaburi yao Naliendele, Mtwara.

Na aliyefia kwenye misheni ya Umoja wa Mataifa?

Huyo naye alikufa kazini. Watanzania saba waliuawa Darfur 13 Julai 2013, na tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kongo, ilishambuliwa usiku na ikawa pigo kubwa kuliko yote kwa JWTZ katika kulinda amani. Umoja wa Mataifa huwakumbuka wote 29 Mei na kutoa Medali ya Dag Hammarskjöld kwa familia: ni kioo chenye umbo la yai, kilichochongwa jina la marehemu na tarehe aliyokufa. Familia ambayo haijaipata ifuatilie kupitia jeshi.

Jambo moja kwa majirani na marafiki: habari ya kifo ikivuja, msiirushe mtandaoni kabla ofisa hajafika nyumbani na kubisha hodi. Mama asijue kwa kuona picha ya mwanawe ina mshumaa.

Inasemekana alitoroka. Tumtaje?

Mtajeni. Wapagazi walitoroka kwa maelfu na kwa sababu zinazoeleweka, na wengi walioandikwa "katoroka" walikuwa wamekufa porini bila mtu wa kuripoti.

Tukienda kwenye makaburi ya vita, kuna taratibu?

Chache. Mengi yako wazi mchana na hayana kiingilio. Dar es Salaam yako Barabara ya Bagamoyo, na mengine yako Tanga, Moshi, Morogoro, Iringa, Voi na Taveta. Langoni tafuteni kijisanduku cha chuma ukutani. Mara nyingi ndani mna daftari la majina na kitabu cha wageni. Maua yanaruhusiwa. Kupanda mti, kupaka jiwe rangi au kuongeza maandishi hairuhusiwi. Mkiona jina limekosewa, lipigeni picha mkiwa mmesimama mbele yake, kisha mwandike barua yenye ushahidi, mawe hubadilishwa.

Watoto waambiwe nini?

Waambieni alivyokuwa kabla ya vita: alipenda nini, alikuwa wa ngapi kuzaliwa, alikuwa na ng'ombe au jahazi. Vita vije baadaye. Wakiuliza kama aliua watu, msikwepe. Semeni hamjui, au semeni mnachojua.

Mtu amekuja anasema Waingereza wanalipa fidia wajukuu wa Keya, tulipe ada ya fomu. Ni kweli?

Msitoe hata shilingi. Kutafuta jina kwenye kumbukumbu za Tume ni bure, kuomba jina liongezwe ni bure, na hakuna wakala wa kijijini anayehitajika. Wala msimkabidhi medali wala karatasi halisi "akazihakiki". Mwonyesheni picha, mwandike jina lake na namba yake ya simu, mmpeleke kwa mtendaji wa kijiji au kwa chifu, au mripoti kituo cha polisi.